Njia ya Feri Saa Kumi Alfajiri: Uchambuzi wa Kisa cha Mchuuzi wa Dagaa Mtwara

Kisa ninachokichambua hapa kinamhusu mama mmoja, mchuuzi wa dagaa katika Manispaa ya Mtwara Mikindani, ambaye kwa miezi kadhaa aliacha kwenda alfajiri Feri, ufukweni panapofanyika mnada wa dagaa, kwa sababu ya mwanamume aliyekuwa akimfuata njiani kwa pikipiki. Hakubakwa, hakupigwa, wala hakuibiwa. Kwa hiyo kila aliyepelekewa habari hii mwanzoni aliifunga kwa maneno yaleyale, kwamba hakuna kilichotokea. Mimi nilikifuatilia kisa hiki kama msaidizi wa kisheria, na ninakiandika kwa ridhaa yake, nikiwa nimeacha jina lake, jina la mtaa wake na mengine yoyote yanayoweza kumtambulisha. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba kilichotokea kilikuwa kikubwa, kwamba kinahesabika kwa saa na kwa shilingi, na kwamba kati ya watu wote waliokuwa na uwezo wa kukikomesha, yeye ndiye aliyekuwa na uwezo mdogo kuliko wote, na ndiye pekee aliyetakiwa afanye kitu.

Kwanza ni lazima kuielewa biashara yenyewe. Dagaa wa baharini huvuliwa usiku kwa taa: wavuvi huwasha taa juu ya maji, dagaa wakaufuata mwanga na kukusanyika, ndipo wavu unapozungushwa. Mbalamwezi inapowaka, taa hizo hazina nguvu, kwa sababu bahari yote ina mwanga na dagaa hawana sababu ya kukusanyika mahali pamoja. Ndiyo maana wavuvi wa pwani hii huugawa mwezi katika siku za giza na siku za mbalamwezi, na mwezi unapokuwa mpevu vyombo vingi vya dagaa hupumzika. Kwa mwanamke anayenunua dagaa kwa ndoo, maana yake ni kwamba siku zake za kazi ndizo zile zenye usiku mweusi kuliko zote. Chombo kikifika kabla ya mapambazuko mnada huanza palepale. Anayewahi anapata dagaa wazima kwa bei ya mnada, na anayefika jua limekwisha kuchomoza anakuta masalia, au anauziwa na mtu wa kati aliyewahi kabla yake. Hakuna aliyekaa akapanga mambo yawe hivi ili kumtesa mwanamke, lakini sijui kazi nyingine hapa Mtwara ambayo siku za pato na siku za hofu zimefungamana kwa kiasi hiki.

Mama huyu ana umri wa miaka thelathini na kitu, ana watoto wawili, na anaishi na mama yake mzazi. Mume aliondoka zamani. Sehemu ya dagaa huwakaanga na kuwauza jioni kando ya barabara, sehemu nyingine huwaanika na kuwatuma kwa mabasi kwa wateja wake wa Masasi na Newala. Siku za giza hutoka nyumbani saa kumi alfajiri akiwa na beseni na ndoo mbili tupu. Hupita kichochoro kati ya nyumba za watu, kisha mapagale matatu yaliyojengwa hadi kwenye linta na kuachwa, kisha mikorosho michache, ndipo anapotokea kwenye barabara ya lami yenye taa. Kile kipande cha katikati hakimalizi hata dakika kumi kwa miguu.

Nilikipita naye mchana, na baadaye gizani. Mchana ni njia ya kawaida kabisa. Watoto hucheza humo na mbuzi hujilalia kivulini. Gizani, pagale la pili ndilo linalotisha, kwa sababu dirisha lake la mbele limeelekea njiani na aliyesimama ndani humwona kila apitaye ilhali yeye mwenyewe haonekani. Mama alinionyesha jinsi anavyopapita. Tochi ya simu huizima kabla ya kufika, kwa kuwa inamulika miguu yake mwenyewe tu na kuwatangazia wengine kwamba yupo. Ndoo zote huzihamishia mkono wa kushoto ili mkono wa kulia uwe huru. Mtandio huukaza na kuuchomeka ndani ya blauzi, usije ukawa kitu cha kushikwa. Hayo yote huyafanya bila kupunguza mwendo, na hakuna aliyemfundisha. Nilipowauliza wachuuzi wenzake, kila mmoja alikuwa na ya kwake: mmoja hujifanya anaongea na mume wake kwenye simu, "niko hapa kwenye kona, nakuona", mwingine huvaa koti la kaka yake na kutembea kwa hatua ndefu za kiume, mwingine hufunga mchanga mkavu kwenye pindo la kanga. Wanawake hawa hufika mnadani wakiwa wamekwisha kufanya kazi moja nzima ambayo hakuna anayewalipa wala anayeiona.

Mwanamume mwenyewe ni dereva wa bodaboda, kijana wa miaka ishirini na kitu. Alianza kwa maneno: "Mama dagaa, panda nikupeleke, hela utanipa ukirudi." Mama alimshukuru na kukataa. Siku zilizofuata kijana aliacha kuzungumza, akawa anamfuata nyuma kwa mwendo wa mtu anayetembea, taa ya mbele ameizima, injini inanguruma chini kwa chini tangu kwenye kichochoro hadi kwenye lami. Wakati mwingine alifanya hivyo siku mbili mfululizo, kisha akapotea, kisha akarudi. Halafu alfajiri moja aliikatisha pikipiki mbele yake, palepale kwenye pagale la pili, akaushika ukingo wa beseni na kumwuliza, "Unaringia nini, na njia hii unapita peke yako?" Mama alilivuta beseni, akageuka, akarudi nyumbani. Siku hiyo hakununua kitu.

Swali hilo la kijana lingesomwa kwenye karatasi ofisini lingeonekana halina tishio lolote. Lakini lilisemwa saa kumi alfajiri, mbele ya dirisha lile, na mtu aliyekwisha kuonyesha kwamba anaijua ratiba yake, njia yake na upweke wake. Wote wawili walielewa kilichosemwa. Hapo ndipo visa vingi vya namna hii vinapopotelea: anayesikiliza anataka asikie tendo, na aliyetendewa ana mazingira tu ya kuelezea.

Sasa hesabu. Kwanza alibadili njia akawa anazunguka kwa barabara kubwa, jambo lililomlazimu kutoka nyumbani saa tisa na nusu na kuongeza karibu nusu saa ya kutembea gizani, ingawa ni giza lenye taa hapa na pale. Kisha akamtafuta dereva mwingine, mtu mzima anayefahamika na familia, akawa anamlipa shilingi 2,000 ya kwenda, na zaidi ya hapo ya kurudi na mzigo. Faida ya ndoo mbili za dagaa haivumilii nauli hiyo kila siku. Mwishowe akaacha kabisa kwenda Feri na kununua kwa mtu wa kati aliyemletea hadi mtaani, kila ndoo ikiwa imepanda kwa shilingi 5,000 hadi 8,000 na dagaa wakiwa wamekwisha kupondeka, hawafai kuanikwa. Wateja wa Masasi walilalamika mara moja, mara ya pili wakanyamaza na kutafuta mtu mwingine. Alipokosa kununua hisa za kikoba mara mbili mfululizo, wenzake walianza kunong'ona kwamba amepata mwanamume anayemla hela. Alieleza yote kwa sababu ya manong'ono hayo. Kama si kikoba, huenda angeendelea kunyamaza hadi mtaji uishe.

Mama yake mzazi alimwambia, "Mwanamke hatembei usiku, nilikukataza." Ni kauli ya upendo na ya woga, lakini mzee huyu analishwa na biashara hiyohiyo ya usiku. Mdogo wake wa kiume alimsindikiza siku chache, kisha usingizi ukamshinda, kwa kuwa naye anabeba mizigo kutwa. Alipopeleka habari kwa mjumbe, mazungumzo, kama alivyonisimulia, yalikuwa mafupi. "Alikushika mwilini, mwanangu?" Hapana, alishika beseni. "Alichukua kitu?" Hapana. "Sasa nimwite nimwambie nini?" Simlaumu mjumbe kwa ubaya wa moyo. Mashauri anayoyajua ni wizi, ugomvi wa mipaka, mume na mke waliopigana. Na kila mojawapo lina kitu cha kuonyesha, jeraha au kuku aliyepotea. Hili halikuwa na cha kuonyesha isipokuwa mwanamke ambaye hatoki tena.

Lakini swali la "alifanya nini?" lina kasoro kubwa zaidi ya kutojua sheria. Linamtaka mwanamke asubiri hadi jambo litimie ndipo hofu yake ihesabiwe kuwa na msingi. Yeye hana nafasi ya kusubiri. Anaposikia injini nyuma yake ana muda mfupi wa kuamua, na hawezi kujua kama huyu ni mwenye maneno tu au ni yule mwingine. Akikosea kwa kuogopa bure amepoteza nauli. Akikosea kwa kutoogopa anaweza kupoteza visivyorudishika. Mtu yeyote mwenye akili, akiwekwa kwenye mizani hiyo, ataogopa. Na hofu hii haikuzuka hewani. Katika utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2015–16, asilimia 40 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipotimiza miaka 15, na asilimia 17 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono.

Katika kikao kimoja cha mtaa mzee mmoja alijibu takwimu hizo kwa kusema kwamba ukatili mwingi hufanywa majumbani na waume au wenzi, kwa hiyo barabara si tatizo. Sehemu ya kwanza ya jibu lake ni kweli, na inastahili kikao chake chenyewe. Sehemu ya pili haifuati. Barabara inaonekana salama kwa kiasi fulani kwa sababu wanawake wamekwisha kujiondoa humo: hawapiti, au wanapita wawili wawili, au wanalipa. Mama huyu alipoacha kwenda Feri, njia ile haikuwa na kisa hata kimoja kwa miezi, na mtu anayetazama daftari angeweza kuandika kwamba usalama umeimarika.

Sheria ipo. Kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu, kilichoingizwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, kinamhesabu kuwa na kosa la unyanyasaji wa kijinsia mtu ambaye kwa maneno au kwa vitendo anamsumbua mwingine kijinsia. Adhabu yake ni kifungo kisichozidi miaka mitano au faini isiyozidi shilingi 200,000 au vyote viwili, na mahakama inaweza kuamuru fidia. Kwa hiyo haikuwa lazima amshike mwilini. Mjumbe hakulijua hilo, mama hakulijua, na kijana bila shaka hakulijua. Nilimweleza pia juu ya Dawati la Jinsia na Watoto lililopo kwenye vituo vya polisi, ambako angeweza kusikilizwa faragha. Alifikiri kwa siku kadhaa, kisha akakataa. "Nikimpeleka polisi, kijiwe chote cha bodaboda kitanichukia, na hao ndio wanaonibebea mzigo," alisema. Tena mama yake kijana ni jirani wa jirani yake, na walizikana misiba. Wapo wanaoona kukataa huku ni udhaifu. Mimi naona ni mtu anayeujua mji wake, anayefahamu kwamba hukumu ingechukua muda mrefu na yeye angelazimika kuendelea kupita njia ileile kila siku za giza wakati wote huo.

Tulichofanya ni kumwendea mwenyekiti wa kijiwe. Kijiwe kina uongozi, kina utaratibu wa zamu, na wenyewe kwa wenyewe wanafahamiana hadi mlio wa pikipiki. Mama alieleza kifuniko cha siti chenye mashada mekundu na bomba la moshi lililotoboka, na kabla ya jua kuzama kijana alikuwa amejulikana. Miezi yote ile ambayo mtu huyu alikuwa "hajulikani", ilihitajika tu mtu mmoja aulize mahali panapostahili.

Kikao kilifanyika mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Mama alikuja na mjomba wake, kama inavyostahili kwetu jambo linapokuwa zito. Kijana hakukana. Alisema, "Nilikuwa namtania tu dada. Sisi ni watani." Baadhi ya waliokuwapo walicheka, na niliona kikao kikianza kulegea, kwa sababu kusini utani ni jambo la heshima na asiyevumilia utani huonekana hana malezi. Hapo mjomba akaomba kusema. "Mtani wangu hunitania mbele za watu, nami nikamjibu, watu wakacheka. Hata msibani akija kunyang'anya jeneza, anakuja mchana na waombolezaji wanamwona. Huyu mtani gani anayezima taa?" Hakuna aliyecheka tena.

Naliona jibu hilo kuwa kiini cha kisa hiki, na nimelitumia tangu hapo katika vikao vingine. Utani una kanuni zake, na mtu yeyote aliyekulia Mtwara au Lindi anazijua hata kama hajawahi kuzitamka: unahitaji mashahidi, unahitaji aliyetaniwa awe na nafasi ya kurudisha, na hautakiwi kumwacha mtu akitetemeka. Kumfuata mwanamke gizani kunavunja kanuni zote tatu. Anayejificha nyuma ya utani haitetei mila yetu hata kidogo, anaichafua. Na wazee wana mamlaka ya kumwambia hivyo kwa lugha ambayo mimi na vifungu vyangu hatuna.

Kijana aliomba radhi mbele ya kikao, na maafikiano yakaandikwa. Katika siku za giza kijiwe kitateua madereva wawili wa kuwapeleka wachuuzi kwa nauli iliyokubaliwa, majina na namba zao za simu zikiwa mikononi mwa wanawake wenyewe. Na dereva atakayemfuata mwanamke asiyemwita atanyimwa zamu. Ninayaheshimu maafikiano hayo, lakini sitaki yasifiwe kupita kiasi. Nauli bado inatoka kwa mama, wakati aliyeleta hasara ni mwingine, na utaratibu wote umeegemea mwenyekiti mmoja wa kijiwe mwenye busara, ambaye mwakani anaweza kuwa amehama.

Upande wa ufukweni mambo yalikuwa magumu zaidi. Wanawake waliwaomba viongozi wa BMU, yaani kikundi cha usimamizi wa ufukwe, mnada wa dagaa usianze kabla ya kupambazuka. Mwezi Novemba jua huchomoza Mtwara kabla ya saa kumi na mbili kamili, na saa kumi na moja na nusu tayari mtu anamtambua mwenzake, kwa hiyo hawakuwa wakiomba nusu siku. Wavuvi walikataa: dagaa huharibika haraka, na wenye magari ya kwenda mbali hawasubiri. Hoja ya kuharibika ina uzito. Hoja ya magari naiona ni upendeleo kwa mwenye mtaji mkubwa. Hatimaye ilikubaliwa kwamba wachuuzi wa mtaa huo wawakilishwe na wawili wao kwa zamu, wanaonunua kwa niaba ya wote kwa bei ya mnada, na wengine waende kuchukua ndoo zao kukishapambazuka. Mama amerudi kwenye biashara kwa njia hiyo, na amekwisha kumaliza kulipa hisa alizokuwa anadaiwa. Wateja wa Masasi hawajarudi wote.

Yaliyobaki ni mapagale na taa, na haya yako nje ya uwezo wa kijiwe wala BMU. Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto wa 2017/18 hadi 2021/22 uliagiza kuundwa kwa kamati za ulinzi wa wanawake na watoto hadi ngazi ya mtaa, na mazingira salama ni miongoni mwa mambo uliyoyalenga. Kupitia kamati hiyo wachuuzi wameandika barua wakiomba mambo mawili: wenye mapagale watakiwe kuziba milango na madirisha kwa tofali au mabati, na taa moja iwekwe pale njia inapoacha nyumba na kuingia kwenye mikorosho. Ni mkoa huu unaotoa gesi ya Mnazi Bay inayozalisha umeme. Ombi la taa moja si la anasa. Wamiliki wa mapagale wanajulikana, mmoja wao akiwa anaishi Dar es Salaam, na kuwapata ni suala la simu.

Barua hiyo sasa iko ofisi ya kata. Nimemwomba mwenyekiti wa mtaa aiweke kwenye ajenda ya mkutano mkuu ujao, na kabla ya mjadala wanawake waliohudhuria waulizwe, mmoja mmoja, ni njia zipi wanazozikwepa na ni saa ngapi, majibu yaandikwe kwenye muhtasari pamoja na majina ya wenye viwanja vinavyopakana na njia hizo. Amekubali kuhusu ajenda. Kuhusu kuandika majina ya wenye viwanja amesema atawasiliana kwanza na mtendaji, na tumepanga kwenda kwake pamoja kabla ya giza la mwezi ujao kuanza.